Shajara ya mradi: kromosomu zinazokutana vichwa

Jumatatu

Damu zimeshaingia inkubeta, kwa hiyo nianze kwa kueleza mradi wenyewe ili anayefuatilia asipotee njiani. Binadamu ana kromosomu 46, yaani vifurushi vya DNA ndani ya kila seli, hilo kila aliyepita kidato cha nne analijua, ila kati ya hizo 46 kuna kumi, yaani jozi ya namba 13, 14, 15, 21 na 22, ambazo umbo lake ni la peke yake kabisa. Sentromea, ile sehemu iliyobanwa inayotenganisha mikono ya kromosomu, imekaa karibu na ncha, mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi mno, na juu ya huo mfupi kuna kashingo kembamba afu kitone kidogo, ndo setilaiti yenyewe. Sasa ukiitazama seli inayogawanyika, kromosomu zimeshajikunja na kunenepa, mara nyingi unakuta hizi kumi hazijatawanyika kama wenzake, mbili au tatu au hata tano zimeelekeana vichwa, setilaiti kwa setilaiti, kama wazee wanaonong'onezana. Ferguson-Smith na Handmaker waliliandika hilo mwaka 1961 na tangu hapo watu wameliona mara nyingi sana.

Ninachotaka kujua ni zipi zinakutana na zipi, na kama ile yenye jeni za ribosomu (mashine za seli za kutengeneza protini) zinazofanya kazi kwa nguvu ndo inayokutana zaidi. Tafiti za miaka ya sabini zilionyesha ndivyo, mimi nataka kulirudia kwa damu za watu wa hapa Dar waliojitolea, kibali cha maadili kipo, majina hayapo kwenye tyubu, ni namba tu.

Na sababu ya kuchagua hili niiseme mapema. Watu wengi wakisikia kipimo cha kromosomu wanafikiria ile picha iliyopangwa vizuri, kubwa juu, ndogo chini, kila moja na pacha wake. Ile picha ni kazi ya mtu, au siku hizi ya programu ya kompyuta. Seli yenyewe haipangi hivyo! Tukishakata na kupanga tunakuwa tumefuta taarifa ya nani alikuwa karibu na nani, na mimi naamini taarifa hiyo ina thamani kubwa, ndo mradi wote huo.

Jumanne

Siku ya kusubiri. Nieleze tu ndani ya tyubu kuna nini, maana nimeulizwa kwa nini siangalii damu moja kwa moja kama wanavyoangalia malaria. Chembe nyekundu zetu hazina kiini kwa hiyo hazina kromosomu. Chembe nyeupe zinazo, ila limfosaiti, aina ya chembe nyeupe ninayoitumia, ikiwa kwenye mshipa imetulia, haigawanyiki, na kromosomu zinaonekana kama kromosomu pale tu seli inapojiandaa kugawanyika. Lazima uishtue. Kinachoishtua ni protini inaitwa PHA, inatoka kwenye maharage mekundu, na ndo hiyo hiyo inayokufanya uharishe na kutapika ukila maharage mekundu ambayo hayakuiva. Zamani maabara zilikuwa zinaitumia kugandisha chembe nyekundu ili kuzitoa, mpaka Peter Nowell huko Philadelphia mwaka 1960 akaonyesha kwamba chembe nyeupe zikikaa nayo zinaanza kugawanyika. Mwaka huo huo Moorhead na wenzake, Nowell akiwemo, wakatoa njia ya kuotesha damu kwa kipimo cha kromosomu, na mpaka leo ndo tunayofuata, damu kidogo kutoka tyubu ya heparini yenye kizibo cha kijani, midia, seramu, PHA, nyuzi joto 37, masaa 72.

Umeme umekatika usiku, jenereta ikawaka, joto la inkubeta halikushuka. Tunaendelea.

Alhamisi, kuvuna

Leo ndo kuvuna kwenyewe. Unaanza na Colcemid, ni ndugu wa kolkisini, inavunja zile nyuzi za spindo zinazovuta kromosomu kwenda pande mbili za seli. Bila spindo seli inakwama pale pale kwenye metafezi, hatua ya katikati ya kugawanyika, kromosomu zimejikunja vya kutosha na hazina pa kwenda. Ukiiacha muda mrefu unapata seli nyingi zilizokwama ila kromosomu zinakuwa fupi na nene na setilaiti hazionekani, kwa hiyo nimepunguza muda, bora seli chache zenye kromosomu ndefu.

Afu potasiamu kloraidi 0.075 M, maji yenye chumvi pungufu kuliko seli, yanaingia ndani seli inavimba na kromosomu zinaachana. Hatua hii ina historia nzuri. T. C. Hsu, huko Galveston Texas, aliipata kwa bahati maana suluhisho la kuoshea lilikuwa limechanganywa pungufu ya chumvi na seli zikatanuka vizuri ajabu, akachapisha mwaka 1952, ila bado akaendelea kuamini binadamu ana kromosomu 48 kama vitabu vilivyosema tangu miaka ya ishirini. Waliosahihisha ni Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, na Albert Levan huko Lund, Sweden. Tjio alizihesabu mwishoni mwa Desemba 1955 na mwaka 1956 dunia ikajua ni 46. Zaidi ya miaka thelathini wataalamu walikuwa wanaona 48 kwa sababu zilikuwa zimelaliana na kila mtu alijua zinatakiwa kuwa ngapi.

Mwisho unazigandisha kwa methanoli na asidi ya asetiki, tatu kwa moja, unabadilisha mara kadhaa mpaka maji yanakuwa meupe, ndo unadondosha kwenye slaidi.

Hapa kwenye kudondosha ndo kuna ujuzi. Yupo mama mmoja hapa maabara amekaa na slaidi miaka mingi kuliko umri wangu, wa malaria na rangi yake ya Giemsa, nikamwamkia nikaanza kudondosha chini ya AC. Akaniambia, "Mwanangu, usidondoshee hapo, hewa kavu inakausha tone kabla seli haijafunguka, utazikuta zimerundikana." Tukasogea upande wa pili. Na yuko sahihi kabisa, tone likikauka haraka mno kromosomu zinabaki fungu moja, likikauka polepole mno, na kwa unyevu wa pwani msimu wa masika ni rahisi sana, zinasambaa kupita kiasi mpaka seli inapasuka na kromosomu za huku zinaingia kwa jirani.

Kwa mradi wangu hili sio jambo dogo. Kama umbali kati ya kromosomu unategemea hewa ya chumba, basi umbali peke yake hauwezi kuwa ushahidi. Nimelifikiria jioni yote.

Jumamosi, kigezo

Nimeamua. Sitahesabu kromosomu mbili kwa sababu tu ziko karibu. Ili niandike kwamba zimeambatana ni lazima mikono mifupi ielekeane, yaani setilaiti zitazamane, na nafasi kati yake isizidi upana wa kromatidi moja, yaani moja ya zile nusu mbili zinazofanana za kila kromosomu. Zikiwa karibu lakini zimelaliana ubavu, au mkono mrefu wa moja umegusa kichwa cha nyingine, hapana. Na seli ambayo imesambaa mpaka sina uhakika wa 46 zote naiacha, hata kama ina kundi zuri la kuvutia macho.

Kwa wanaume kuna Y. Y ni ndogo, sentromea yake nayo ipo karibu na ncha, inafanana sana na 21 na 22 ukiangalia haraka haraka, na kwenye mkutano wa Denver wa mwaka 1960, ulioyapanga makundi ya kromosomu, waliiweka kundi moja nazo. Ila haina setilaiti wala jeni za ribosomu, na kromatidi zake mbili zinakaa zimebanana sambamba wakati za 21 na 22 zinatanuka miguu. Kwa hiyo haiingii hesabu. Mwanaume kromosomu kumi, mwanamke kumi.

Jumatano, Giemsa

Slaidi za kwanza za mistari zimetoka. Unazikalisha na tripsini, kimeng'enya kinachokula protini, sekunde chache tu, afu Giemsa, njia ya Marina Seabright ya mwaka 1971, na kila kromosomu inatoka na mistari yake myeusi na myeupe ambayo haifanani na ya mwingine. Bila mistari 13, 14 na 15 ni ndugu watatu huwezi kuwatofautisha. Kwa mistari ni hivi, 13 weusi wake mkubwa uko nusu ya chini ya mkono mrefu, 14 ina mstari karibu na sentromea na mwingine chini karibu na mwisho, 15 weusi wake uko nusu ya juu. 21 ina mstari mweusi mzito karibu na sentromea, 22 imepauka.

Zinakutana kweli. Seli ya tatu tu niliyoitazama kwa lenzi ya mafuta, 14 na 21 vichwa kwa vichwa, nafasi kati yao haifiki hata upana wa kromatidi, na upande wa pili wa msambao 13, 15 na 22 ziko pamoja. Nimepiga picha, nimeandika namba ya seli, nimeendelea. Ila niseme nilifurahi sana.

Ijumaa, silva

Hii ndo siku niliyokuwa naisubiri. Giemsa inakuonyesha umbo, haikuonyeshi kama jeni za ribosomu zinafanya kazi. Silva naitreti inaonyesha. Goodpasture na Bloom walionyesha mwaka 1975 kwamba silva inakaa kwenye zile sehemu za kashingo za hizi kromosomu, na mwaka 1980 Howell na Black wakairahisisha ikawa hatua moja, silva asilimia 50 na jelatini yenye asidi ya fomiki kidogo, unaweka kwenye slaidi joto la 70, dakika kama mbili slaidi inageuka rangi ya dhahabu, unaosha mara moja. Vaa glavu, silva ikikaa kwenye vidole ni nyeusi siku kadhaa na hakuna sabuni inayotoa.

Kwenye darubini kromosomu zinakuwa njano na kwenye vichwa vya hizi kumi kuna vitone vyeusi tii. Sio vyote kumi lakini. Kuna vyenye kitone kikubwa, vyenye kadogo, na visivyo na kitone kabisa. Silva haishiki DNA, inashika protini zilizobaki zimekalia jeni ambazo zilikuwa zinafanya kazi kabla seli haijaanza kugawanyika, kwa hiyo kichwa kisicho na kitone ni kichwa ambacho jeni zake zilikuwa zimelala. Na mpangilio huo ni wa mtu, damu yake ya leo na ya mwezi ujao inafanana, na unarithiwa.

Na pale vichwa vimekutana, silva inaunganisha. Unaona kabisa utepe mweusi kutoka kitone hiki mpaka kile. Hapo suala la hewa ya chumba limepungua nguvu sana, maana tone kukauka kunaweza kusogeza kromosomu mbili karibu, ila hakuwezi kutengeneza utepe wa protini kati yao. Kuanzia leo muungano wenye utepe naandika safu yake peke yake, ndo nitakaouamini zaidi.

Jumapili, nyumbani

Sijaenda maabara. Naandika kwa nini zinakutana, maana ndugu yangu mmoja kaniuliza, "sasa zinapendana au?" na nikaona jibu linahitaji nafasi.

Seli yoyote inahitaji ribosomu, ndo zinazotengeneza protini zote, na zinahitajika kwa mamilioni. Jeni za kutengeneza RNA ya ribosomu haziko moja moja, ziko mamia, zimepangwa mfululizo nakala kwa nakala, na kwa binadamu zimewekwa kwenye mikono mifupi ya kromosomu hizi tano tu, jambo lililothibitishwa mwaka 1972. Jeni hizi zikifanya kazi, pale pale zinapofanyia kazi panajengeka nukleoli, ile doa nene unayoiona ndani ya kiini. Kwa hiyo nukleoli ni karakana, na karakana moja inaweza kuwa imejengwa kuzunguka vichwa vya kromosomu kadhaa kwa pamoja.

Seli ikitaka kugawanyika kazi inasimama. Nukleoli inayeyuka, kromosomu zinajikunja, ila jeni zilizokuwa zinafanya kazi hazijikunji kama sehemu nyingine, protini zake kadhaa zinabaki zimekaa, ndo maana pale panaonekana kashingo kembamba na ndo maana silva inapapata. Vichwa vilivyokuwa ndani ya nukleoli moja vinabaki jirani, na mabaki ya nukleoli kati yao. Hicho ndo ninachokiona kwenye slaidi. Ni kazi ya pamoja iliyoachwa nusu saa iliyopita, na ndo maana kichwa kilicholala, kisicho na silva, hukikuti sana kwenye makundi.

Afu seli ikishagawanyika, kila kichwa kilicho hai kinaanzisha kanukleoli kake kadogo, mwanzoni zinaweza kuwa nyingi, na baadaye zinagusana na kuungana zinakuwa chache kubwa. Zikiungana zinavuta kromosomu zake pamoja upya. Kwa hiyo huu ukaribu unajengwa tena kila mzunguko wa seli, katika kila mmoja wetu, maisha yote.

Jumanne, kuhusu duara

Msimamizi kaniuliza kama nimesoma ule mjadala wa duara, nimesoma. Seli hai ikiwa na spindo yake, kabla tu ya metafezi kromosomu zinakaa kwenye duara, sentromea ndani, mikono imeelekea nje. Mwaka 1995 Nagele na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science kwamba kwenye duara hilo kila kromosomu ina nafasi yake, pacha mmoja upande huu na mwenzake upande wa pili kabisa. Ingekuwa nzuri mno. Mwaka 1999 Allison na Nestor wakapima wakakuta kwa kiasi kikubwa ni ovyo tu. Kinachoonekana na wengi ni kwamba ndogo zinaelekea kukaa katikati na kubwa pembeni, na mimi naona hapo ndo pa kusimama. Kwenye mgawanyiko huu wa kawaida mapacha hawatafutani, wa mama yuko kivyake na wa baba kivyake, kutafutana na kushikana ni mambo ya meiosi, kwenye kutengeneza mayai na mbegu. Mradi wangu hauwezi kusema lolote la duara kwa sababu Colcemid imeshaondoa spindo. Nimeliandika hilo kwenye sehemu ya mipaka ya utafiti.

Alhamisi, kilichonileta hapa

Ukaribu huu una gharama, na ndo sababu hasa ninajali.

Kromosomu mbili zikikaa vichwa pamoja muda wote, na vichwa hivyo vina mifuatano ya DNA inayofanana sana, siku moja zinaweza kukatika zote mbili na kuungana vibaya, mikono mirefu inashikana inakuwa kromosomu moja, mikono mifupi inapotea. Inaitwa muungano wa Robertson, kwa jina la W. R. B. Robertson aliyeueleza mwaka 1916 kwa panzi. Kwa binadamu ni kama mtu mmoja kwa kila 1,000, na wengi wao ni 13 na 14. Mtu huyo ana kromosomu 45, na ni mzima kabisa! Jeni za ribosomu alizopoteza zinafidiwa na zilizobaki kwenye vichwa vingine, hajui lolote mpaka siku apimwe.

Shida inakuja kwenye kuzaa. Chukua mama mwenye 14 na 21 zilizoungana. Kwenye kutengeneza yai, ile iliyoungana, 14 ya kawaida na 21 ya kawaida zinatakiwa kushikana zote tatu na kuachana kwa mpango. Ile iliyoungana ikiondoka pamoja na 21 ya kawaida, mtoto anapata dozi tatu za 21, ana sindromu ya Down, ingawa ukihesabu kromosomu zake unapata 46. Sindromu hii iliunganishwa na 21 ya ziada mwaka 1959, kazi ya Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin huko Paris, na kwa watoto wengi, kama 95 kwa mia, ni 21 nzima ya tatu iliyotokea kwa bahati. Ila kama 3 au 4 kwa mia ni muungano. Hao wawili kwa sura hawatofautiani. Kwa familia wanatofautiana sana, mama mwenye muungano wa 14 na 21 hatari yake kwa mimba inayofuata ni kama asilimia 10 hadi 15, baba mwenye huo huo haizidi asilimia moja au mbili, na mwenye 21 kwa 21 kila mtoto wake atakayezaliwa hai atakuwa na Down.

Mama anaambiwa amerogwa, au alikula kitu, au ni laana ya ukoo wao. Na jibu lipo kwenye tyubu moja ya damu na masaa 72. Mimi hili linanigusa kweli, familia inastahili kupewa jibu hilo.

Kwa nini 13 na 14, na 14 na 21, ndo zinaungana zaidi kuliko 15 au 22? Hilo lilisubiri sana, kwa sababu mikono mifupi hii ilikuwa haijasomwa DNA yake, inajirudia rudia mno mashine za zamani zilishindwa. Mwaka 2022 ndo jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ilikamilishwa mwanzo hadi mwisho ukiacha Y, mikono hii mitano ikiwemo, na mwaka 2023 ikaonyeshwa kwamba kromosomu hizi tofauti zinabadilishana vipande vya DNA kati yao, na kwamba kipande kinachofanana kwenye 13, 14 na 21 kimegeuzwa mwelekeo kwenye 14. Kikipangana na mwenzake na kubadilishana, kwa sababu kimegeuka, matokeo yake yanaweza kuwa mikono mirefu miwili kushikana. Ukaribu wa nukleoli unawakutanisha, DNA inayofanana inawakosesha njia. Mingi ya miungano mipya inaanzia kwenye mayai ya mama, kwenye meiosi, sio kwenye damu ninayoiangalia mimi, kwa hiyo sitadai kwamba naiona ikitokea. Naona mazingira yake tu.

Kando kidogo, mtu kaniuliza kama 14 ndo ile ile ya limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya wa watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Ni 14 ndiyo, inabadilishana na namba 8, ila ni kwenye ncha ya mkono mrefu, mbali kabisa na setilaiti. Sababu nyingine, jeni nyingine.

Jumatatu, hali ilivyo

Slaidi za kundi la kwanza zimesomwa za Giemsa zote na silva karibu zote. Muungano wenye utepe unafuata ukubwa wa kitone, hilo linaonekana kwa macho hata kabla ya takwimu, na vichwa visivyo na silva vinakaa pembeni. Zipi na zipi sitaandika hapa mpaka kundi la pili liishe, seli bado chache na jicho linapenda kuona 14 na 21 kwa sababu ndo linazozitafuta. Kwa sababu hiyo hiyo picha za kundi la pili atazisoma pia mwenzangu ambaye hajui yangu yamesemaje.

Kilichobadilika kwenye utaratibu: badala ya Giemsa slaidi moja na silva slaidi nyingine, sasa ni slaidi hiyo hiyo moja. Mistari kwanza, picha, naandika mahali seli ilipo kwa vipimo vya meza ya darubini, naondoa rangi, silva, narudi seli ile ile napiga picha tena. Hapo ndo nitajua kwa uhakika kitone hiki ni cha 13 au 15. Nimejaribu kwenye slaidi za ziada na inawezekana, kromosomu zinachakaa kidogo ila zinasomeka. Seli zilizobaki za kundi la kwanza ziko friza kwenye methanoli na asidi, nitazirudia kwa njia hii hii. Damu za kundi la pili zinachukuliwa Jumatatu ijayo asubuhi, ili kuvuna kuangukie Alhamisi.